Mwaka wangu wa kwanza katika mauzo ya meinfremu

Binamu yangu aliyemaliza shahada ya biashara hapa Texas alinipigia simu wiki iliyopita kuniuliza kama ni busara kukubali kazi ya kuuza teknolojia ya meinfremu, kwa sababu karibu kila aliyemwomba ushauri amemwambia kwamba hizo ni mashine za enzi za babu, na kwamba kijana anayeanza maisha anapaswa kukimbilia huduma za wingu au akili mnemba. Tulizungumza saa nzima. Nilipokata simu niliona kuwa niliyomweleza yanafaa kuandikwa, kwa kuwa nilipoanza kazi hii sikupata mtu wa kunieleza mambo haya kwa Kiswahili.

Meinfremu ni kompyuta kuu ambayo benki, kampuni za bima, mashirika ya ndege na idara za serikali huitegemea kwa kazi zisizoruhusiwa kusimama, hasa miamala inayoingia kwa maelfu kila sekunde. Ukoo wa mashine zinazouzwa leo unaanzia tarehe 7 Aprili 1964, siku ambayo IBM ilitangaza System/360, familia ya kompyuta ndogo na kubwa zilizoweza kuendesha programu zilezile, ili mteja anapokua asilazimike kuandika upya kazi yake yote. Ahadi hiyo haijavunjwa hadi leo, na ndiyo inayoeleza kwa nini programu iliyoandikwa miaka ya sabini kwa COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu za biashara, bado inakokotoa riba za watu usiku wa leo. Mwaka 1991 mwandishi wa habari za teknolojia, Stewart Alsop, alitabiri kwamba meinfremu ya mwisho ingezimwa tarehe 15 Machi 1996. Tarehe hiyo ilipita, mashine zikabaki, na mwezi Aprili 2025 IBM ilitangaza kizazi kipya kinachoitwa z17. Kwa hiyo nilimwambia binamu yangu asiwe na hofu kwamba anaingia kwenye nyumba inayobomolewa, bali ajiulize kama ana subira ya kuwauzia watu wanaoifahamu nyumba hiyo kuliko yeye.

Mimi niliingia bila kulijua hilo. Nilitoka kuuza vifurushi vya intaneti kwa biashara ndogo, ambako mtu hukubali au hukataa siku hiyohiyo, nikaajiriwa na kampuni inayouza programu za meinfremu, nikapewa mafunzo ya wiki sita ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa slaidi. Nilizikariri vizuri. Mteja wangu wa kwanza alikuwa benki ya ukubwa wa kati, na aliyenipokea alikuwa mtaalamu wa mfumo, mzee wa zaidi ya miaka 60, aliyeanza kuitunza mashine hiyo kabla sijazaliwa. Nilimweleza kwa bidii kuhusu chipu mpya inayoweza kukagua muamala ukiwa bado unapita na kutambua wizi kabla fedha hazijatoka. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akafungua kompyuta yake ya mkononi, akanionyesha mchoro wa mwezi mzima: mstari uliopanda kidogo kila asubuhi, ukashuka jioni, na mahali pamoja tu ukasimama kama mlima. Akaweka ncha ya kalamu yake juu ya mlima ule na kuniuliza, "Unafahamu hiki kilele chetu hutokea lini?" Nilikiri kwamba sifahamu. Akasema ni saa nane usiku, siku ya mwisho ya mwezi, wakati riba zinapokokotolewa na taarifa za wateja zinapoandaliwa, na kwamba nikitaka tuzungumze tena nianzie hapo.

Ule mlima ndio moyo wa biashara hii, na laiti ningeelezwa habari zake katika wiki ya kwanza. Kwa wateja wengi, programu kuu za mashine, kama vile z/OS (mfumo endeshi), CICS (ya kuendesha miamala) na Db2 (hifadhidata) za IBM, hulipiwa ada ya kila mwezi inayotegemea kazi iliyofanyika, na kazi hiyo hupimwa kwa kipimo kiitwacho MSU. Kinachohesabiwa ni wastani unaosogea, yaani wastani wa saa 4 zilizopita unaokokotolewa upya kadiri muda unavyokwenda, na katika wastani wote wa mwezi, ule wa juu kabisa ndio unaoamua ankara. Maana yake ni kwamba benki inaweza kuwa na siku 29 za utulivu na usiku mmoja wa shughuli nyingi, na usiku huo mmoja ukapanga bei ya mwezi mzima. Mteja huandaa ripoti ya matumizi hayo kwa kipindi kinachoanza tarehe 2 na kuishia tarehe 1 ya mwezi unaofuata, kisha huituma IBM. Ndiyo maana wataalamu wa mfumo huilinda saa ile ya kilele kama mkulima anavyolinda shamba lililokaribia kuvunwa: huhamisha kazi zinazoweza kusubiri hadi alfajiri, hupitisha upya programu za zamani kwenye kompaila mpya ya COBOL, yaani programu inayozigeuza kuwa lugha ya mashine, ili zitumie nguvu kidogo, na hupeleka kazi zinazostahili, kama vile programu za Java, kwenye prosesa maalumu ziitwazo zIIP, ambazo zipo tangu 2006 na ambazo kazi yake haiingizwi kwenye hesabu ya ada hizo. Tangu 2019 ipo pia mikataba inayoangalia matumizi ya mwaka mzima badala ya kilele, na kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja yeyote siku hizi ni aina ya mkataba alionao. Muuzaji asiyeuliza hivyo anaweza kumsifia mteja dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Nilijifunza kwa kukaa karibu na fundi wa kampuni yetu, ambaye alinivumilia jioni nyingi akinifundisha kusoma kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia yenyewe kuhusu kila kazi inayoendeshwa. IBM pia ina mafunzo ya bure mtandaoni yaitwayo Z Xplore, yanayompa mwanafunzi nafasi ya kuingia kwenye meinfremu halisi na kuendesha kazi zake mwenyewe. Mauzo hayadai uwe mwandishi wa programu, lakini mtu ambaye hajawahi kutuma kazi hata moja na kuiona ikikataliwa kwa sababu ya herufi moja hawezi kuelewa kwa nini wateja wake huyaogopa mabadiliko.

Wiki tatu baadaye tulirudi kwa yule mzee, mimi na fundi, bila slaidi hata moja. Tulizipitia kazi za usiku wa kilele moja baada ya nyingine, na tukakuta mojawapo ilikuwa ikiandaa ripoti ya tawi lililokwisha kufungwa. Hakuna aliyekuwa akiisoma. Waliisimamisha, na kilele cha mwezi uliofuata kilishuka kidogo. Sisi hatukuuza chochote siku hiyo, na msimamizi wangu hakufurahi, lakini kuanzia hapo mzee alianza kunipigia simu yeye mwenyewe.

Mauzo yenyewe yalikuja baada ya miezi 11, nayo yalihusu programu ya kusimamia ratiba ya kazi za usiku. Katika miezi hiyo tulifanya majaribio kwenye sehemu ya mashine iliyotengwa, tukapita kwa watu wa usalama, watu wa ununuzi na wanasheria, kisha tukasimama kabisa kuanzia katikati ya Novemba, kwa sababu benki nyingi hufunga mabadiliko hadi mwaka mpya uanze. Sikulijua hilo pia, nami nilikuwa nimemwahidi msimamizi wangu mkataba wa Desemba. Kwa hiyo nilimsihi binamu yangu jambo moja la fedha: kabla ya kusaini, aulize kama mshahara wa msingi unatosha kuishi bila kamisheni kwa mwaka mzima, kwa maana kamisheni ya kazi hii ni nzuri lakini huchelewa, na mwenye njaa humsukuma mteja kabla ya wakati wake. Nimewahi kufanya hivyo kwa mteja mwingine, nikampigia simu kila wiki mwishoni mwa robo mwaka nikimshawishi kwa punguzo la bei, naye akaacha kupokea simu zangu. Sijampata tena hadi leo, na kila ninapopita karibu na jengo lao nakumbuka.

Binamu aliniuliza pia kama kuna nafasi kwa kijana mahali palipojaa wazee. Nilimjibu kwamba wazee hao wanastaafu, na waajiri wanalihisi hilo. Mwezi Aprili 2020, maombi ya mafao ya wasio na ajira yalipofurika, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alisimama hadharani akaomba watu wa kujitolea wanaoifahamu COBOL. Benki yangu haijafika huko, lakini yule mzee anaondoka mwezi ujao. Katika kikao chetu cha mwisho alikuja na binti aliyeajiriwa kuchukua nafasi yake, akaketi pembeni na kumwachia kompyuta. Binti alifungua ule mchoro wa mwezi, akautazama kwa muda, kisha akaniuliza mimi kwa nini mlima mwezi huu umesogea hadi saa tisa. Sikuwa na jibu, naye mzee hakutusaidia. Tumekubaliana kukutana tarehe 2, ripoti mpya itakapokuwa tayari, tuzipitie kazi zote za usiku ule tangu mwanzo.