Nilivyoizoesha akili kupiga hesabu haraka dukani

Nina duka la rejareja Mbagala, na kwa miaka miwili sikuweza kurudisha chenji bila kalkuleta. Jioni watu wakijaa, unga huku, mafuta ya kupima kule, kichwa kilikuwa kinaganda kabisa.

Jamaa mmoja akanishauri kahawa chungu, eti inafungua akili. Nilimsikiliza, na hadi leo naudhika. Jioni tatu mfululizo nilikunywa vikombe vinne, vitano. Macho yalikuwa makavu, usingizi hakuna hadi saa tisa usiku, na saa kumi na mbili asubuhi niko kaunta. Siku ya nne mtoto kaja na noti ya elfu tano, mimi nikamrudishia chenji ya elfu kumi! Mama yake aliileta ile elfu tano ya watu kabla ya saa sita mchana, Mungu ambariki. Tangu hapo saa nne usiku nimelala, na tofauti niliiona ndani ya wiki.

Aliyenifungua macho ni mama mkubwa wangu, muuza vitumbua. Alinikuta nakuna kichwa, akaniambia, "Mwanangu, usitoe. Panda."

Yaani hivi. Mteja kachukua vitu vya 7,650, katoa elfu kumi. Ukianza kutoa, utakopa huku na kukopa kule mpaka upotee. Wewe mwekee hamsini kiganjani, sema "mia saba." Weka mia tatu, "elfu nane." Weka noti ya elfu mbili, "kumi hiyo." Hujapiga hesabu ya kutoa hata moja, na 2,350 yake imekamilika mbele ya macho yake. Sema kwa sauti, maana mteja naye anakusahihisha.

Za kuzidisha nilijifunza mwenyewe: sabuni sita za 950 nazifanya za elfu, elfu sita, kisha napunguza hamsini sita. 5,700. Asubuhi nikipanga mikate najipa mafumbo ya namna hiyo kumi, kumi na tano hivi, kabla mteja wa kwanza hajagonga.

Mwezi wa kwanza nilikosea, na hasara ilikuwepo, elfu tatu nne kwa wiki. Nilivumilia. Sasa foleni ya jioni naimaliza peke yangu, mke wangu anapumzika. Kalkuleta iko kwenye boksi chini ya rafu ya sukari, naitoa mwisho wa mwezi tu, siku ya kujumlisha daftari la madeni.