Njia Ipo, Lakini Si ya Leo

Juzi jioni kitinda mimba wetu alijilaza kwenye jamvi na simu ya mama yake, anatupangia safari ya Krismasi ya kwenda Bumbuli. Kidole chake kinapanda na kushuka milima ya Usambara kama inzi juu ya embe. Mara akainua kichwa.

"Baba, simu inasema tukifika Korogwe tupandie Dindira. Ni karibu. Kwa nini wewe kila mwaka unatuzungusha Mombo mpaka Soni?"

Kule jikoni Mama Nuru alikuwa anakuna nazi. Mbuzi ikanyamaza. Kisha kikaja kicheko, kile cha mtu aliyeshika mbavu.

"Babako akujibu mwenyewe," alisema. "Na umuulize habari ya mbuzi. Siyo hii niliyoikalia."

Haya. Jumatatu ya Pasaka, 2012.

Tulikuwa tunapeleka mahari. Barua ilishakwenda na kujibiwa, na tarehe imepangwa: saa nane mchana tuwe tumeketi barazani kwa mzee. Kazi yangu mimi mwenye shughuli ilikuwa mbili tu, kutafuta gari na kunyamaza. Gari nililipata, Noah ya rafiki yangu, na mwenyewe akakubali kuendesha. Kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Nilikuwa nimenunua kwa mtu kifaa cha GPS cha mkononi, mtumba, na programu yake ya kupangia safari nikaiweka kwenye kompyuta ya ofisini. Jioni tatu mfululizo nilibaki peke yangu, mlinzi akidhani nimepandishwa cheo. Nilipakua ramani za bure, zile zinazochorwa na watu wa kujitolea: mtu yuko hukohuko kwao, anafungua picha ya setilaiti, anaona uzi mwekundu wa udongo katikati ya miti, anaufuata na kuuchora. Ukishachorwa, kwa kompyuta hiyo ni barabara. Nikaweka alama zangu: Chalinze, daraja la Wami, Segera, Korogwe, Bumbuli. Programu ikauliza nataka njia fupi au ya haraka. Nikasema fupi. Palikuwa na visanduku vya kutia vema, epuka hiki, epuka kile, na kimoja kilikuwa cha barabara zisizo na lami. Nilikiona. Nilipokijaribu, programu iligoma kabisa kunifikisha Bumbuli, kwa hiyo nikakiacha wazi.

Jibu likaja, mstari wa zambarau. Kutoka Korogwe kupitia Mombo na Soni, kama kilomita 80. Kupitia Dindira, 50 na kitu. Saa moja hivi na umefika. Ile saa moja ilitoka wapi sikujiuliza. Leo najua programu huipa kila aina ya barabara mwendo wake wa kukadiria, kisha inagawanya umbali kwa mwendo huo, basi. Wala sikushangaa kwamba kati ya visanduku vyote vile hakikuwapo hata kimoja cha kuiambia kuwa ni Aprili, masika yamechachamaa.

Mjomba tulimchukua Chalinze, saa kumi na mbili asubuhi, ametokea Morogoro. Wasomaji wa siku nyingi mnamfahamu. Kwa wageni niseme tu kwamba sisi ni Waluguru, ukoo wetu unakwenda kwa mama, na mjomba kwenye mambo haya siyo wa kujaza kiti. Asiposema yeye, hakuna lililosemwa. Alikuwa dereva wa malori mpaka macho yalipomkataza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Tunapitia wapi?"

Nikampa kifaa. Alikishika mbali na uso, akakigeuza nyuma kutazama betri, akakigeuza tena mbele. Nikamwonyesha ule mstari mpaka ulipoiacha lami pale Korogwe. Akautazama kitambo.

"Hiki kinajua?"

"Kinajua, mjomba. Kinapokea kutoka kwenye setilaiti."

"Haya. Twende na chombo chako."

Wami tulisubiri zamu yetu, lile daraja la zamani jembamba la gari moja moja. Segera shangazi alinunua machungwa yakatapakaa chini ya viti. Korogwe saa nne, tunaingia kulia kuelekea milimani, na kilomita za mwanzo zilikuwa nzuri kiasi kwamba niligeuka nyuma kuhakikisha wazee wameona. Baba mdogo akanipongeza. Mjomba alikuwa anamenya chungwa.

Halafu ukungu ukashuka.

Hapa ndipo ninaporudi mara kwa mara, hata nikinusa tu majani ya mkaratusi yaliyolowa. Kilima kimoja, udongo mwekundu unaong'aa kama umepakwa mafuta, upande wa juu miti, upande wa chini bonde ambalo hatukuliona bali tulilisikia, maji yanakwenda. Rafiki yangu akaweka gia ya kwanza. Noah ikapanda nusu, ikasita, ikaanza kurudi taratibu kiupandeupande kama kaa. Shangazi akaanza kuwaita mababu kwa majina. Tairi la nyuma likatafuta mtaro, likaupata, likakaa. Kimya. Machungwa yakabingirika yote kwenda upande mmoja. Tairi zilikuwa vipara. Hilo nalo sikulikagua, jioni zangu zote tatu zilikwisha kwenye ramani.

Kifaa mkononi mwangu kilikuwa hakina wasiwasi. Kilikamata setilaiti 8. Usahihi, mita 5. Vyombo vilivyo zaidi ya kilomita 20,000 juu angani vilikuwa vimeafikiana bila ubishi kwamba tumo mtaroni.

Akatokea mzee, sweta la sufu, kofia, jembe begani. Alikuja kimya kimya kutoka kwenye ukungu, akatuzunguka, akatazama tairi kwanza ndipo akatutazama sisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Safari ya wapi?"

"Bumbuli."

"Kwa huku?"

"Kwani haifiki, mzee?" Nikamwonyesha mstari. Sijui nilitaka akisome kifaa au kifaa kimsome yeye.

Alikitazama kwa adabu, kama unavyotazama picha ya mtoto wa mtu. "Njia ipo," akasema. "Lakini si ya leo."

Akaegemeza jembe kwenye gari letu, kana kwamba gari lenyewe halina pa kwenda, akaondoka kuita watu.

Nikamtafuta Mjomba nikamwombe radhi. Alikuwa ameshashuka, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu vimefungwa kamba vinaning'inia shingoni. Alikuwa amepanda hadi kwenye kona ya juu yetu, amesimama ukingoni, mikono nyuma. Mvua ilikuwa inamdondokea kofiani na hajali. Nikasimama karibu naye. Hakugeuka, alinyoosha kidevu kuelekea bondeni.

"Pale. Mwaka 74. Bedford yangu ililala pale siku tatu, na mabati. Utingo wangu alishuka Korogwe kwa miguu kutafuta mnyororo."

Nilihisi masikio yakipata moto katika ile baridi.

"Kumbe njia hii unaijua, mjomba?"

"Naijua."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Hakuwa na hasira. Alilisema kama mtu anayekutajia saa. Tukabaki pale kitambo, yeye akitazama bonde, mimi nikitazama vidole vyangu vya miguu, mpaka tuliposikia sauti za vijana wanakuja na matawi.

Waliisukuma Noah ikatoka, wakaigeuza kwa mikono kama meza. Tukawapa ya soda, na machungwa yote. Njia nzima ya kurudi Korogwe kifaa kilikuwa kinapiga mlio kunihimiza nigeuze gari, nigeuze gari, nimekosea, nikakitoa betri. Mombo giza lilikuwa linaingia. Soni hatukuiona. Barazani kwa mzee tuliketi saa tatu usiku, matope hadi kiunoni, blanketi la mama mkwe limeloa upande mmoja.

Upande wa pili walikuwa wametupangia faini ya mbuzi wawili, na nyuso zao zilisema wangepanga hata watatu. Mshenga wetu akaanza kujiumauma. Mjomba akamgusa goti anyamaze.

"Wakwe zetu," akasema, "mtu akioa kwa watu lazima ajue milima yao inaanzia wapi. Tumepandia Dindira tuione. Tumeiona. Ni mirefu."

Baraza zima likacheka. Faini ikashuka ikawa mbuzi mmoja. Kifaa changu hakikutajwa, si usiku ule, si siku nyingine yoyote, na Mjomba sasa hayupo.

Mama Nuru anashikilia kwamba alikuwa ananipima. Kwamba alitaka kujua kama mpwa wake ni mtu wa kuuliza, kabla hajasimama kumsemea mbele za watu. Tukibishana yeye hushinda, maana mbuzi alitoka kwangu. Lakini mimi naiona ile mikono nyuma, kile kisimamo cha ukingoni, na kuna siku nadhani hapakuwa na mtihani wowote. Mzee alikuwa hajapita pale miaka karibu 40, akaona kitu kinampeleka bila yeye kuomba. Na kuna siku nadhani ni lile chungwa tu, alikuwa na njaa, hakutaka maneno.

Sikumwambia mtoto yote haya. Nilimwambia tope. Akanionyesha simu: hakuna alama ya tope, mstari ni wa buluu, safi, na sauti ya yule dada iko tayari.

"Basi mpigie babu," nikasema.

Akampigia, akaweka spika.

"Shikamoo, babu. Dindira kukoje siku hizi? Gari inapita?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mvua ilinyesha juzi." Kikohozi. "Lakini jana usiku nimesikia lori linapanda."

Mtoto akanitazama kwa ushindi. Nikasogea karibu na simu.

"Shikamoo, baba. Hilo lori, lilifika?"

Kimya kidogo, mbwa wanabweka kwa mbali.

"Hilo," akasema mzee, "sijalisikia."