Mitungi minne, baiskeli moja na gari lisilo na dereva

Baiskeli ya Black Mamba imepakia mitungi minne ya lita 20, inasukumwa mchangani kando ya barabara ya kutoka Malindi kwenda Mambrui, saa moja na nusu usiku. Hicho ni kitu gani? Mtu wa hapa hahitaji kufikiri: ni muuza maji, ana kilo 80 za mzigo, na akifika penye lami nzuri atapanda. Kwa gari linalojiendesha, swali hilo ni gumu kuliko kilomita mia za barabara kuu, na jibu baya limeshaua mtu.

Ilikuwa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, yapata saa nne usiku. Gari la majaribio la Uber, aina ya Volvo XC90, lilimgonga mama mmoja aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli iliyoning'inizwa mifuko. Wengi bado hudhani gari halikumwona. Lilimwona. Uchunguzi wa NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, ulionyesha kuwa vihisi vilimpata sekunde 5.6 kabla ya kugongwa, na kwa mwendo wa karibu kilomita 69 kwa saa huo ni umbali wa mita mia hivi. Kilichoshindikana ni kumpa jina. Mara ni gari, mara ni kitu kisichojulikana, mara ni baiskeli, na kila jina lilipobadilika, programu ilitupa kumbukumbu ya alikotoka na kuanza kumhesabu upya, kana kwamba ametokea hapo hapo. Tena haikuwa imeandaliwa kumfikiria mtembea kwa miguu anayevuka pasipo na kivuko. (Malindi mtakaa mkisubiri sana mtu avuke penye kivuko.) Breki za dharura za kiwandani zilikuwa zimezimwa, na msimamizi aliyekaa kwenye usukani alikuwa akitazama simu.

Gari la aina hii huwa na macho ya namna tatu, na kila moja lina kasoro yake mbele ya baiskeli ya mzigo. Lida hurusha miale ya leza na kupima muda wa kurudi kwake. Tuseme miale imeachana kwa digrii 0.2: ukifika mita 100, mwanya kati ya mwale na mwale ni kama sentimita 35. Usukani wa baiskeli una upana wa sentimita 60 hivi, basi ukitazamwa kwa nyuma unapata doa moja au mawili kwa kila mstari. Miale mingine hupenya kati ya spoki, na rangi nyeusi humeza sehemu kubwa ya iliyobaki.

Rada, ambayo hurusha mawimbi ya redio, yenyewe haijali rangi. Chuma huiona, na maji huyaona vizuri sana. Lakini plastiki nyembamba mawimbi huipita tu. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, ila kwa rada mtungi mtupu ndio ulio kimya. Kwa hiyo muuza maji yule yule huonekana vizuri anapokwenda kwa mteja kuliko anaporudi kisimani.

Kamera hutegemea picha ilizofundishiwa. Programu ambayo haijawahi kuonyeshwa shehena ya makuti iliyofunika magurudumu yote mawili inaweza kuiita kichaka, na kichaka hakitarajiwi kukata kushoto bila kuonyesha mkono. Alama inayomtambulisha mwendesha baiskeli kuliko zote, kwa mashine na kwa binadamu, ni kanyagio zinazopanda na kushuka. Akishuka na kuanza kusukuma, alama hiyo hutoweka, na hapo ndipo Tempe inaporudi.

Halafu kuna mazungumzo ya barabarani. Dereva wa tuktuk akikutazama usoni na kuinua kidole, umeshajua atakupisha. Magari yanayobeba abiria bila dereva, kama ya Waymo yaliyofungua huduma kwa umma huko Phoenix mwaka 2020, hutembea kwenye mitaa iliyopimwa na kuchorwa ramani kwa kina kabla. Ramani hiyo haikwambii nani kampisha nani, na kwetu ukingo wa lami wenyewe hauonekani upepo ukishamwaga mchanga.

Mchanga huo nauhofia kuliko programu. Kwa kilomita 50 kwa saa gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anayechukua sekunde moja na nusu kushtuka ameshapoteza mita 21 kabla breki hazijagusa, kisha lami kavu na matairi mazuri humla mita nyingine 14. Mashine ikishtuka kwa nusu sekunde hupoteza mita 7 tu, faida kubwa kweli. Lakini mchanga ukishusha mshiko wa tairi hadi karibu nusu, zile mita 14 za breki huwa karibu 28, na hakuna akili ya kompyuta inayoweza kuzirudisha. Njia pekee ni kupunguza mwendo mapema, na ili lipunguze, lazima gari lijue huo ni mchanga.

Lamu mjini hawana haraka na habari hizi. Punda aliyeshushwa mzigo na kurudi zizini peke yake amejiendesha siku nyingi.

Kuna wanaopendekeza baiskeli zifungwe visambaza mawimbi ili magari yazitambue. Sikubaliani. Mwenye chombo cha kilo 20 asitwishwe gharama ya upofu wa mwenye chombo cha tani mbili. Ila yapo mambo rahisi yanayosaidia leo mbele ya tuktuk yenye taa moja, na kesho mbele ya kamera.

La kwanza ni tepe ya kung'aa. Riflekta ya kiwandani hukaa kwenye madigadi ya nyuma, na mitungi ikipangwa huifunika yote. Tepe nayo haishiki kwenye mtungi, kwa sababu plastiki yake ina utelezi, na ukiibandika kwenye blada, ule mpira wa kufungia mzigo, hupasuka blada inapovutwa. Kata kipande cha bati cha sentimita 10 kwa 20, kunja kingo kwa koleo zisikate mtu, toboa matundu mawili kwa msumari, bandika tepe nyekundu, kisha kifunge kwa waya kwenye blada ya nje kabisa. Kikae sentimita 60 hadi 90 kutoka ardhini, ambako taa za chini za gari hufika. Kisha kata vipande vya upana wa sentimita 2 ubandike kwenye mikono ya kanyagio, pande zote mbili. Tepe inayozunguka hutangaza baiskeli kwa mbali kuliko iliyotulia. Nyeupe iende kwenye uma wa mbele.

Taa ya dainamo hufifia mwendo ukipungua na huzima kabisa ukisimama, yaani inakutoroka pale pale unaposukuma. Taa ya kuchaji ni bora. Iache iwake mfululizo. Ya kumetameta huvuta jicho, lakini hufanya umbali kuwa mgumu kukadiria, na kamera ikipiga picha taa ikiwa imezima, kwa picha hiyo hukuwasha kitu. Paka vaselini kidogo kwenye vyuma vya kuchajia, la sivyo hewa ya bahari itavifanya vya kijani upesi.

Tepe hushindwa zaidi kwa sababu ya chumvi. Osha chuma kwa maji matamu na sabuni, kausha, kisha pangusa kwa spiriti. Usitumie mafuta ya taa, huacha utando. Zungushia pembe kwa mkasi, maana pembe kali ndiyo huinuka kwanza jua likichoma. Ikishainuka, usibandike nyingine juu yake: bandua yote, osha, anza upya.