Homa sina, ila ndoo imejaa

Jamani nimepotea kidogo, nilikuwa na mama mdogo. Wanaonifuatilia mnajua anaumwa saratani ya shingo ya kizazi, mionzi alipigwa Dar, sasa hivi yupo kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, tunahudhuria kliniki tu na mimi ndo naangalia shamba lake la zabibu kule Hombolo (msiniulize linaendeleaje).

Kliniki ni yale yale kila siku, uzito, presha, maumivu sifuri mpaka kumi ni ngapi, halafu "unaendeleaje mama?" na yeye anajibu "namshukuru Mungu". Sasa mama wa Kigogo hata nyumba ikiwa inaungua atakujibu hivyo hivyo. Ila usiku saa nane nikiamka namkuta kakaa kitandani, taa kazima, anakunja kanga, anaikunjua, anaikunja tena.

Nikaingia mtandaoni kusoma, kumbe wenzetu walishaliona hili kitambo. Kulikuwa na daktari wa akili New York, Jimmie Holland, mama wa watu kafariki 2017, alihangaika miaka na miaka ili mgonjwa wa saratani aulizwe na habari za moyo wake sio uvimbe tu. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakatoa kipimajoto cha kuchora kwenye karatasi, walianza kukijaribu kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume, 0 chini 10 juu, unazungushia namba ya jinsi ulivyoelemewa wiki hii. Siku hizi kinaambatana na orodha ya kutiki, hela, usafiri, watoto, usingizi, imani, na ukifika 4 kwenda juu mtu anatakiwa akae na wewe ajue kuna nini. Na walikwepa makusudi kuita ugonjwa wa akili maana watu wanakimbia. Hapo nilicheka peke yangu, Dodoma ukimwambia mtu akamuone daktari wa akili anachosikia ni Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na Mirembe tumeifanya utani toka shule ya msingi, tuache bwana.

Basi nikachora hicho kipimajoto nikampelekea. Akakiangalia weee, akasema "homa sina baba".

Nikaona hapa nimechemka. Pembeni kulikuwa na ndoo tupu ya lita ishirini, nikamwambia haya mama, mawazo yako yangekuwa maji, wiki hii yamefika wapi? Akainama akaweka kidole karibu na mdomo wa ndoo. Hakusema kitu. Baadaye sana ndo akasema "kikoba". Kumbe nauli na hela ya kujikimu Dar alikopa kwenye kikoba, waliomdhamini ni majirani zake wawili, na kinachomkosesha usingizi sio kufa, ni kufa halafu wale wamama wabebe marejesho yake. Mimi miezi yote hiyo namhubiria asiogope kifo!

Kliniki iliyofuata nikamwambia nesi. Akatafuta kwenye kadi pa kuandika, hapakuwepo, akaandika kwa penseli pembeni ya presha, 8, akatupeleka kwa afisa ustawi wa jamii na yule dada akampigia mwenyekiti wa kikoba, wakamsogezea marejesho. Ni simu ya dakika kumi jamani. Ila bahati yetu alikuwepo wa kupiga, maana kumfungua mtu moyo halafu hakuna pa kumpeleka naona ni bora ungemwacha na namshukuru Mungu yake.

Juzi nikamletea ndoo tena. Kidole kikashuka, nusu hivi. Nikamuuliza hiyo nusu iliyobaki ni nini mama.

"Zabibu zangu. Nimeambiwa ulivyozipogoa."