Kilo 105 Majini, Barabarani na Mchangani

Nilisimama nyuma ya wenzangu 30, maji yakinifika vifundoni, na nilifanya hivyo kwa hiari yangu. Katika triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, dakika ya kwanza majini ni ya mateke na viwiko, na asiyeizoea fujo hiyo hupoteza pumzi kabla hajaanza kuogelea sawasawa. Kijana aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akaniambia kwa upole wa kweli, "Mama, usiogope, mitumbwi ipo." Nilimshukuru. Dakika kumi baadaye nilimpita akiwa ameng'ang'ania ukingo wa mtumbwi mmojawapo kwa mikono miwili, naye mvuvi akimsihi atulie.

Nina umri wa miaka 41 na uzito wangu ni kilo 105. Nayataja haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba ninaandika juu ya kupungua. Sikujiandikisha ili nipungue, na kwa kweli katika miezi mitano ya mazoezi nilipungua kilo mbili tu, nikazirudisha wakati wa Krismasi. Nilijiandikisha kwa sababu nilizaliwa karibu na Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu, ziwa nalifahamu tangu utotoni, na niliposikia kwamba kuna mashindano yanayoanzia majini nilitaka kujua kama bado naweza.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya masafa mafupi, yale yanayoitwa sprinti: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio, yaani nusu kamili ya masafa ambayo watu binafsi wamekuwa wakishindania katika Michezo ya Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000. Yalifanyika Jumamosi kwenye ufuo mdogo wa mchanga upande wa Seme, magharibi mwa Kisumu, ukishapita Kisian na kuishika barabara ya Bondo. Hapakuwa na mbwembwe nyingi: hema mbili, kipaza sauti kimoja, koni za rangi ya machungwa, na mitumbwi minne ya wavuvi iliyokodiwa kwa ajili ya usalama.

Tulianza saa moja asubuhi, na saa hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, ule wa alasiri hurudi kwa nguvu na kuleta mawimbi, na mara nyingine huja na magugumaji ambayo yanaweza kufunga sehemu ya ghuba ya Winam, ghuba yetu ya ziwa hili. Alfajiri ndipo maji yanapotulia. Isitoshe, vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi ndani ya konokono jua linapopanda kuelekea adhuhuri, kwa hiyo anayeingia majini mapema hupunguza hatari ingawa haimalizi. Kiboko ndiye asiyejali ratiba ya mtu. Wavuvi walizunguka eneo lote kabla ya filimbi na kutuhakikishia kwamba wa hapo walikuwa wamekwenda upande wa matete, na kwa kuwa wao hulala wakisikiliza viboko nami hulala nikisikiliza magari, niliwaamini.

Majini ndiko nilikofurahia zaidi. Mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji, na ijapokuwa maji ya ziwa hayana chumvi ya kumwinua mtu kama yale ya Mombasa, mapaja na nyonga zangu hukaa juu bila kulazimishwa. Nimewaona wanariadha wembamba, watu wanaoweza kukimbia kutoka Kisumu hadi Maseno bila kulalamika, miguu yao ikizama kama nanga huku wakipiga teke la kujiinua ambalo ni jasho la bure. Mimi hulala tu juu ya maji na kuvuta mikono. Nilitoka wa nane kati ya watu 31, kwa dakika 21. Nikiri pia kwamba wengi waliokuwapo ni wakimbiaji waliojifunza kuogelea kwa ajili ya siku hiyo, basi sifa ninazojipa hapa nazipa kipimo.

Sehemu ambayo hakuna aliyenionya ni ile ya kubadilisha, yaani kutoka majini na kuvaa viatu vya baiskeli. Wengine huinama mguu mmoja juu, mguu mmoja chini, kama korongo, wakajifuta mchanga na kuvaa soksi. Mwenye tumbo hawezi kuinama hivyo akiwa anahema. Nilikuwa nimejaribu nyumbani mara kadhaa na kila mara niliishia kujiegemeza ukutani, na ufuoni hapakuwa na ukuta. Kwa hiyo nilibeba mtungi wa plastiki wa lita 20, nikaulaza kando ya baiskeli yangu, nikaukalia. Nilikuwa na beseni la maji la kuoshea mchanga, taulo dogo, na kopo la mafuta mazito ya kujipaka mapajani na kwapani, kwani ngozi inayosuguana ikiwa imelowa huchubuka kabla ya kilomita ya tatu na baada ya hapo huwazi kitu kingine. Nilitumia dakika sita nzima. Msimamizi mmoja aliniuliza kama mtungi umeruhusiwa na kanuni. Nilimwomba anionyeshe kanuni inayoukataza, naye akaenda zake.

Baiskeli ina hadithi ndefu kidogo, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Nilikuwa nimenunua baiskeli ya mbio ya mtumba, nyepesi na nzuri kwa macho, yenye spoki 28 katika gurudumu la nyuma na tairi jembamba la milimita 23. Wiki ya pili ya mazoezi nilisikia mlio kama wa uzi wa gitaa unaokatika, na kabla sijafika Kisian ukakatika mwingine. Gurudumu lilianza kuyumba hadi likagusa breki, nami nikaisukuma baiskeli hadi kwenye kituo cha matatu huku vijana wa bodaboda wakinishauri, kila mmoja kwa namna yake, kwamba labda nijaribu mchezo mwingine.

Siku iliyofuata nilimpelekea fundi mmoja sokoni Kibuye. Aliligeuza gurudumu, akalizungusha taratibu mbele ya jicho lake, kisha akanitazama.

"Mama, hii ni baiskeli ya mbio. Haikuundwa kwa mzigo."

"Kwa hiyo mimi ni mzigo, fundi?"

"Wewe ni abiria," alinijibu bila kucheka, "lakini gurudumu halijui tofauti."

Alinielekeza kwa kidole kwenye baiskeli nyeusi ya chuma iliyokuwa imeegemezwa kwenye kibanda chake, mojawapo ya zile za zamani zilizobeba magunia, makreti ya soda na watu katika nchi hii yote, na kwa huku kwetu magharibi ndizo zilizozaa kazi ya bodaboda pale mpakani Busia. Akaniambia nihesabu spoki za nyuma. Zilikuwa 40. Mbele zilikuwa 32. "Waliounda hii walijua itabeba nini," alisema. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo. Spoki hazikukatika kwa sababu mwili wangu ulikuwa na kosa, zilikatika kwa sababu aliyeliunda gurudumu lile alimfikiria mtu wa kilo 65, na mtu huyo si mimi. Fundi aliniundia gurudumu jipya la spoki 36 juu ya rimu pana zaidi, akanitafutia tairi la milimita 28, akanifundisha kujaza upepo kulingana na uzito wangu badala ya kubonyeza kwa kidole gumba. Tangu siku hiyo hapajakatika hata spoki moja.

Siku ya mashindano gurudumu lile lilinyamaza kimya kwa kilomita zote 20. Penye tambarare nilikwenda sawa na wengine, kwa kuwa kwenye tambarare uzito si adui mkubwa wa mwendesha baiskeli, na kwenye mteremko niliwapita watu watatu bila kukanyaga pedali. Kwenye mlima deni hilo lililipwa pamoja na riba: kila kilo unaipandisha wewe mwenyewe, na wale watatu walinipita pamoja na wengine kadhaa ambao sikuona haja ya kuwahesabu.

Mbio zilianza kama saa mbili unusu, jua likiwa limeshakuwa kali. Kila hatua ya mkimbiaji huipiga ardhi kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na kwangu mimi hiyo ni kati ya kilo 210 na 315 zinazopokelewa na mguu kila unapotua. Mwili mkubwa pia hupoa polepole, maana ngozi ya kutolea joto ni kidogo ukiilinganisha na wingi wa nyama inayolizalisha. Kwa sababu hizo mbili sikukimbia mfululizo. Nilikimbia dakika mbili, nikatembea moja, nikakimbia mbili, kama nilivyofanya mazoezini, na nilikataa kuubadilisha mpango hata nilipojisikia vizuri. Ajuza mmoja aliyekuwa akianika omena kando ya njia alisimama nilipompita, akaniuliza kwa mshangao, "Nyathina (mwanangu), nani anakufukuza?" Nilimjibu, "Hakuna, mama, ninajikimbiza tu." Nilipozunguka mara ya pili alikuwa amemwita jirani yake aje aone.

Jambo lililoniudhi lilitokea kwenye mzunguko huo wa pili. Mwisho wa njia, pale tulipogeukia, palikuwa na meza ya maji. Nilipofika niliikuta imekunjwa na kuegemezwa kwenye mti, na wahudumu wake wameondoka. Waandalizi walikuwa wamekisia kwamba saa mbili baada ya filimbi watu wote wamekwisha kufika. Nyuma yangu walikuwepo wanne, na sote watano tulimaliza sehemu iliyobaki bila tone la maji, chini ya jua lile. Mtu anayechukua saa mbili na nusu anahitaji maji mengi kuliko anayechukua saa moja na dakika kumi, si machache. Dawa yake haina gharama: mtu mmoja mwenye baiskeli amfuate mshiriki wa mwisho, na meza isikunjwe hadi yeye apite. Nimewaandikia hivyo, nao wamejibu kwa adabu.

Nilimaliza nikiwa wa 27, kwa saa 2 na dakika 23. Mshereheshaji aliponiona alipaza sauti, "Tumpigie makofi mama yetu, hajakata tamaa!" na watu wakasimama, wakapiga vigelegele ambavyo mshindi mwenyewe hakupigiwa. Nilitabasamu, lakini nilijiuliza ni nani aliyewaambia kwamba nilikuwa karibu kukata tamaa. Kijana mwembamba aliyefika dakika nne baada yangu, akiburuta mguu mmoja uliokakamaa, alipata makofi machache ya kawaida. Yule ndiye aliyekuwa ameteseka. Mimi nilifuata mpango wangu.

Marekani triathloni imekuwa na vitengo vya washiriki wenye miili mikubwa, wanaume kuanzia ratili 220, ambazo ni karibu kilo 100, na wanawake kuanzia ratili 165, karibu kilo 75. Wanaume wamepewa jina la Clydesdale, farasi wa Uskoti wa kukokotea mizigo, nasi wanawake tumepewa la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, mgao ambao kwa mara moja ulitupendelea. Sijui kama ningependa kitengo kama hicho hapa kwetu. Ningekipokea kwa furaha kama kingekuja pamoja na meza ya maji na fulana inayonitosha, lakini jina peke yake sina la kulifanyia.

Maana fulana nayo ilikuwa kisa. Kwenye fomu ya kujiandikisha nilijaza saizi kubwa kuliko zote zilizoorodheshwa, na siku yenyewe sanduku halikuwa nayo. Mkanda wa kufungia namba kiunoni pia haukunifikia, ila hilo nilikuwa nimelitazamia: dada yangu ni fundi cherehani, na alikuwa amenikatia lastiki ya ziada ambayo niliiunganisha kwa pini mbili. Fulana sikuwa na namna. Nilipewa ambayo haikupita mabegani, nikaipeleka nyumbani kama ilivyo.

Baada ya wiki sita nilikwenda zahanati pamoja na binti yangu, ambaye aliogelea nami siku nyingi za mazoezi, kuchukua dawa ya kichocho. Tulisubiri muda huo kwa sababu dawa hiyo, prazikwanteli, huua minyoo waliokomaa na kuwaacha wachanga. Muuguzi alitupandisha kwenye mizani mmoja mmoja na kufanya hesabu kwenye karatasi, miligramu 40 kwa kila kilo ya mtu, kidonge kimoja kikiwa na 600. Kwangu hesabu ilitoka vidonge saba kamili, kwa binti yangu viwili na nusu. Alivihesabu, akavitia kwenye bahasha ndogo, akaandika majina yetu, wala hakusema neno lolote juu ya saba.

Tulivimeza jioni baada ya ugali na omena, maana ni vichungu na huchafua tumbo tupu. Binti yangu alimaliza vyake upesi, akakaa mezani akinihesabia kwa sauti, cha nne, cha tano, cha sita, huku amevaa ile fulana ya mashindano ambayo siku hizi analalia.