Kutoka Lamu hadi ukuruta Eldoret: wiki zangu za kwanza

Vijana wa mtaa wetu hunisimamisha njiani kuniuliza siri ya kupita usajili wa jeshi. Usajili ni asubuhi moja tu. Kazi yenyewe ni wiki za mwanzo baada ya lango la kambi kufungwa nyuma yako, na kwa mtu wa pwani kazi hiyo huanzia kwenye pumzi. Haya nayaandika kwa ajili yao, maana nimechoka kuyarudia pale gatini.

Nilikwenda kwa sababu kazi ilikufa. Septemba 2011 majambazi walivamia hoteli ya Kiwayu, mtalii Mwingereza akauawa na mkewe akachukuliwa Somalia. Oktoba 1 mama mmoja wa Kifaransa akatekwa nyumbani kwake Manda, ng'ambo tu ya mkondo. Oktoba 16 majeshi yetu yakavuka mpaka, operesheni ikapewa jina la Linda Nchi. Mimi nilikuwa baharia katika mashua ya ami yangu, tukipeleka wageni matembezini, na msimu ukiruhusu nazamia kamba mawe. Wageni wakakatika. Mashua ikapandishwa pwani, ami akaipaka sifa, yale mafuta ya papa ya kuhifadhi mbao, tukakaa kuitazama.

Ukikaa ukingoni mwa mji wa Lamu unaona ndege zinazotua Manda. Miezi ile za watalii zilipungua, za kijeshi zikaongezeka, na redioni tukawa twasikia habari za ndege za kivita za F-5 kushambulia upande wa Somalia. Nikajiambia kama ni kwenda, basi niende jeshi la anga. Babu hakupendezwa. "Jeshi la anga? Si ndilo lile la themanini na mbili?" Wazee wa barazani hawajaisahau Agosti 1, 1982, siku askari wa anga walipojaribu kupindua serikali, na baada yake jeshi hilo lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina la Jeshi la Anga la 82, jina la zamani likarudi mwaka 1994. Nilimwambia babu hayo ya 1994 na kuendelea. Akasema yeye ameishia ya kabla yake. Mama aliuliza moja tu: "Mwanangu, watu watoka vitani, nawe ndiyo waenda?"

Usajili nitaupitia haraka. Masharti hutangazwa magazetini: kitambulisho, cheti cha shule, umri kati ya miaka 18 na 26, urefu usiopungua futi 5 na inchi 3, uzito usiopungua kilo 54.55 kwa mwanamume. Hiyo kilo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Kwa muda nikawa nafungua kinywa kwa mahamri na mbaazi, mchana wali wa nazi na usiku wali wa nazi, hadi mama akadhani huzuni ya mashua imenitoka. Jioni nakimbia ufuo wa Shela maji yakiwa yamekupwa. Palikuja bwana mmoja akamwambia ami kwamba ana mtu ndani, alipwe kidogo nami nipate nafasi. Ami akamjibu kama nafasi zinauzwa, atanunua ya cheo cha jenerali. Usajili ni bure, na tangazo lenyewe husema hivyo kila mwaka, lakini madalali hawakosekani.

Siku yenyewe tulikimbizwa, tukapimwa, tukakaguliwa meno, nyayo, na mishipa ya miguu. Nikapewa barua ya wito. Mashua hadi Mokowe, basi la vumbi kupitia Witu na Garsen, Malindi, Mombasa, Nairobi, kisha Eldoret.

Watu hudhani kuruta wa anga hupelekwa kwenye ndege. Hapana. Wa nchi kavu, wa anga na wa majini, wote huanzia Eldoret, katika shule ya makuruta ya Moi Barracks, mkiwa mmenyolewa sawasawa na mkipigwa kwata moja. Nami kila mtu aliyesikia natoka Lamu alinipangia kazi: "Wewe ni wa Mtongwe," kwenye makao ya jeshi la majini. Nikawa nanyamaza.

Eldoret iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo, kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na ile ya gatini kwetu. Mwili hurekebisha mambo kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, lakini huchukua wiki kadhaa, na afande hasubiri chembe zako. Siku za mwanzo kichwa kiligonga, midomo ikapasuka, damu ya pua ikanitoka nikiwa nimesimama mstarini bila kuguswa na mtu. Na ile baridi! Alfajiri nyuzi 10 za Selsiasi, mtu ambaye maisha yake yote amelala na kikoi.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa Mmarakwet, mtu wa milimani, mrefu, mpole, anakimbia huku anazungumza. Mbio za asubuhi mimi nilikuwa wa mkiani, na mkiani huko ndiko afande anakokaa. Kilichonishangaza ni kwamba miguu ilikuwa bado ina nguvu. Kifua ndicho kilichokuwa kikifunga. Siku moja baada ya mbio huyu jirani akaniambia, "Wewe unafunga pumzi. Tukifika kilimani unafunga mdomo kabisa."

Nilibisha. Kesho yake nikajichunguza, nikaona ni kweli. Mzamiaji hufundishwa na bahari: kazi ikiwa nzito, fungia hewa ndani, itumie kidogo kidogo. Nimezamia tangu utotoni, mwili wangu ukiona taabu unafunga milango wenyewe. Kule juu dawa ni kinyume chake, hewa iliyotumika lazima itoke yote ndipo nyingine iingie. Jirani akanifundisha kutopigania kuvuta. "Wewe puliza. Kuvuta kutakuja kwenyewe." Hatua mbili napuliza, hatua mbili navuta, kilima kikikaza, napuliza kwa sauti bila aibu.

Hapo ndipo nilipozielewa nyimbo za mbioni. Nilikuwa nazinyamazia nikidhani nahifadhi nguvu. Kumbe huwezi kuimba ukiwa umefunga pumzi. Afande akitoa mstari nanyi mkaupokea, mnatoa hewa wote pamoja kwa mdundo wa buti, mtake msitake. Na kupokea mstari ni jambo nililolijua: nani amekulia Lamu asiitikie kasida katika Maulidi, pale msikiti wa Riyadha, usiku kucha, akisubiri msomaji amalize beti? Nikaanza kuitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Sikupanda mbele, ila nilitoka mkiani, na hilo lilinitosha. Nilikunywa pia maji kuliko nilivyotaka, kwa sababu katika hewa ile kavu jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hujatoka jasho.

Miguu ilikuwa hadithi nyingine. Ya mtu wa Lamu imezoea ndara au mchanga mtupu, gari hatuna, viatu vya kufunga ni vya harusi. Buti mpya za jeshi zilinitoa malengelenge kisiginoni na chini ya vidole, na kilichoyazidisha ni unyevu. Natawadha kwa adhuhuri, naosha miguu kwa maji ya barafu, sina muda wa kukausha, narudisha soksi kwenye miguu mibichi, kisha kwata hadi alasiri. Alasiri vilevile. Ngozi ikawa inavuka kama ganda la kitunguu.

Askari mmoja mwenye elimu ya dini ndiye aliyenikumbusha jambo nililosomeshwa chuoni na kulisahau, la kupangusa kwa maji juu ya khofu, yaani kiatu kinachofunika mguu, badala ya kukivua na kuosha miguu. Sisi wa madhehebu ya Shafii tunaruhusu, kwa masharti: kiatu kiwe imara cha kutembelea, kifunike vifundo vya miguu, na ukivae ukiwa na udhu kamili. Mkaazi hupewa mchana mmoja na usiku wake, msafiri siku tatu. Buti za jeshi zinatimiza yote. Basi alfajiri natawadha kikamilifu, nakausha miguu kwa taulo hadi katikati ya vidole, navaa soksi kavu na buti. Adhuhuri na alasiri napangusa tu juu kwa vidole vilivyoloa. Miguu ikabaki mikavu mchana kutwa, na malengelenge yakapoa yenyewe. Wenzangu wasiokuwa Waislamu niliwaambia ile nusu ya taulo na soksi kavu, nao wakapona vilevile.

Jambo la tatu lilikuwa sindano. Kwetu wanaume hushona kofia, na marehemu mjomba alinifundisha kofia ya viua: kitambaa mara mbili, vitundu vidogo vilivyopangwa kwa mchoro, kila kitundu unakizunguka kwa uzi hadi kisimame. Kazi ya miezi kwa kofia moja. Bwenini, vifungo vilikuwa vinakatika kila siku, na ukaguzi hauna huruma na kifungo kinachoning'inia. Walipoona nafunga changu kwa mishono iliyofichwa, foleni ikaanza. Sikuchukua pesa. Nilichukua kazi: wewe utaning'arishia buti, wewe utanipigia pasi, wewe utaniamsha kabla ya firimbi niwahi sala. Kwa mpango huo nikapata kitu ambacho kuruta hakinunui popote, dakika za kulala. Yeyote anayekwenda nampa shauri moja, abebe ujuzi wa mikono kutoka kwao, hata wa kunyoa. Misuli kila mtu anayo.

Chakula sitakisema sana. Ugali, sukuma wiki, maharagwe, chai. Kingi na cha moto. Nililia samaki moyoni, nikala.

Vita hatukuviona, ila vilikuwamo bwenini. Walimu kadhaa walikuwa wametoka Somalia, na tofauti yao ilijulikana. Mmoja wao hakuwa mtu wa kelele. Kabla ya zoezi la usiku alipita mstari mzima akimtikisa kila mmoja wetu kwa mabega, taratibu, akitega sikio. Akifika kwa mtu ambaye chupa yake ya maji imejaa nusu, anasimama. Maji yanapiga ndani: chub, chub. "Ama jaza, ama kunywa umalize," alisema. "Usiku, huyu anasikika hadi kwa adui." Kisha akafunga kwa utepe kipande cha chuma cha mkanda wa bunduki yangu, akakitikisa, akaridhika, akaenda kwa mwingine. Baada ya hapo sikumsikia kuruta akilalamika kwamba ukaguzi ni uonevu. Wapo waliokuwa na kaka au binamu kule mpakani, nao siku ya habari mbaya walikaa peke yao, nasi tukawafanyia zamu zao za usafi bila kuulizwa.

Kupiga simu kulikuwa kwa ruhusa na kwa nadra. Mara ya kwanza mama aliuliza nimekula nini, nikamjibu. Akauliza nimevaa nini, nikamjibu. Akasema, "Na ndege wamekupandisha?" Nikamwambia bado nafundishwa kutembea.

Hilo la ndege liwe wazi kwa wanaoota. Kuruta wa jeshi la anga hawi rubani kwa kupitia Eldoret. Marubani hutoka miongoni mwa makadeti maafisa, nao mafunzo yao ya msingi ni ya chuo cha Lanet, Nakuru, tena kwa alama za juu za shule. Sisi tulio makuruta kazi yetu ni chini: kuitengeneza ndege, kuijaza mafuta, kuilinda, kuipakia. Usiende ukidhani utamrushia mama mkono ukiwa juu ya Manda.

Siku ya kutangaziwa nani anakwenda wapi, nilikuwa nimeshajiandaa kusikia Mtongwe. Afande akasoma jina langu, akasema anga. Akasoma la jirani yangu Mmarakwet, akasema majini. Mstari mzima ukaguna kicheko, naye afande akatuacha tucheke kidogo kabla ya kutunyamazisha. Usiku ule jirani alikaa kitandani kwangu na maswali. Bahari ina kina gani? Ukipanda meli kichwa hakizunguki? Chumvi haichubui ngozi? Nikamwambia akifika Mombasa anunue mafuta ya nazi na aache maswali. Na akianguka majini, chochote nilichojifunza kwake kuhusu kupuliza asikifuate: afunge mdomo.