Madam, leo Kifaransa tunavaa raba?

Mwaka jana mwezi wa kwanza ratiba ilipobandikwa ofisini nikajikuta nimeandikwa sehemu mbili, Kifaransa darasa la tatu mpaka la saba, halafu na michezo shule nzima. Nikajua kuna mtu kakosea. Nikamfata mwalimu wa taaluma, akaniangalia tu akasema "madam, humu ndani wewe ndo mdogo kuliko wote, sasa filimbi nimpe nani?" Basi yakaisha. Mi chuo nimesoma Kifaransa na Jiografia, mpira naujua wa kuangalia kwenye TV, tena nikiwa nakunja nguo.

Kwa msiojua, Kifaransa kwa shule za msingi Tanzania ni somo la kuchagua. Kwenye huu mtaala mpya ulioanza 2024 kipo na Kiarabu na Kichina kuanzia darasa la tatu, na ukweli ni kwamba shule ikiwa na mwalimu inafundisha, ikikosa inapita zake. Michezo nayo siku hizi ni somo kabisa, Sanaa na Michezo, sio ile ya kuambiwa tokeni nje mkacheze mwalimu asahihishe madaftari. Sisi tupo Kigoma, inglishi midiamu ya kawaida tu, na hapa Kifaransa sio cha kwenye kitabu, ukishuka bandarini unapishana na watu wa Kalemie na Uvira za Kongo, na Bujumbura ya Burundi, kwahiyo wazazi walikipokea vizuri.

Shida ilikuwa darasa la tatu. Kipindi chao kiliwekwa baada ya chakula, yani jua la Kigoma unalijua, wameshiba wali maharage, nakuja na bonjour bonjour yangu naitikiwa kama kwenye msiba. Na kabla ya chakula ndo walikuwa na michezo, na mimi huyohuyo. Siku moja mpishi akachelewa, tukabaki uwanjani mpaka kengele ya Kifaransa ikagonga tukiwa hukohuko na daftari hata moja hamna. Nikasema liwalo na liwe. Nikapuliza filimbi nikapiga kelele "courez!" huku nakimbia mwenyewe na sketi yangu, wakanifata. "Arrêtez!" nikaganda, wakaganda. Sautez (ruka), asseyez-vous (kaa), debout (simama), à gauche (kushoto), à droite (kulia), dakika ishirini hakuna neno la Kiswahili wala Kiingereza lililotoka na hakuna aliyeuliza maana yake nini. Kesho yake asubuhi mstarini nasikia vitoto vinaambizana "arrêtez wewe, umenikanyaga".

Toka hapo nikaacha kutenganisha. Wafaransa wana mchezo wao wa Jacques a dit, kiongozi anatoa amri, akianza na hayo maneno unatii, asipoanza nayo ukitii umetoka. Darasa la tatu wanaupenda kuliko rede, na nikiwapa wao waongoze ndo utashangaa matamshi yanavyonyooka, maana ukitamka vibaya wenzio wanakuzomea.

Darasa la nne tuligombana na ile u ya Kifaransa, ya kwenye tu na rue. Kiswahili hatuna, mtoto anasema "ti" au anasema "tu" yetu. Nimeifundisha kwa filimbi. Kunja mdomo kama unapuliza filimbi, usiulegeze, halafu sema i. Inatoka hiyohiyo. Chuoni niliichorewa mchoro wa ulimi na meno mwaka mzima sikuelewa kitu aisee.

La sita wao ni Simba na Yanga tu. Nikawauliza ile TP ya TP Mazembe, timu ya Kongo, ni nini, kimya. Tangu wapo chekechea wanaitaja! Nikawaandikia Tout Puissant, kikapanda kimtoto kimoja cha Kikongo "madam hilo si jina la Mungu?" na kweli kanisani kwao ndo wanavyomuita Mwenyezi, darasa likachangamka nusu saa. Tukaja AS Vita, ni Association Sportive. CAF, Confédération Africaine de Football. FIFA yenyewe ilianzishwa Paris 1904 na hizo herufi ni za Kifaransa mpaka leo. Kuna mmoja akasema kumbe hiki Kifaransa tunakijua siku nyingi, nikasema ndiyo, mlikuwa mnakitetema tu kama Mayele, yule mshambuliaji Mkongo aliyekuwa Yanga.

La saba sina cha kusema. Ikifika mwezi wa nne vipindi vyao vya michezo vinageuka hisabati, vya Kifaransa vinageuka sayansi, na mimi naambiwa nivumilie wana mtihani. Ila UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ikikaribia ofisi hiyohiyo inaniuliza mbona timu ya netiboli haina pumzi! Mwaka jana tulitolewa ngazi ya kata, nikaulizwa mimi.

Kilichonifurahisha zaidi ni la tano na kamba. Tunaruka huku tunahesabu Kifaransa, ukikosea namba umetoka hata kama hujagusa kamba. Mpaka sitini wanateleza vizuri. Sabini ndo makaburini, maana Mfaransa sabini anasema sitini na kumi, soixante-dix, themanini anasema ishirini mara nne, tisini ishirini mara nne na kumi, na mtoto yuko hewani hana muda wa kujumlisha. Sasa kuna binti mama yake ni Mrundi, siku hiyo akafika soixante-neuf, sitini na tisa, nikasubiri aanguke, akaendelea "septante, septante et un..." bila hata kupumua. Wenzie wakapiga kelele katoka katoka! Mi nikapuliza filimbi nikasema hajatoka, maana Burundi, Rwanda na Kongo Mbelgiji aliwaachia septante kwa sabini na nonante kwa tisini, ni Kifaransa halali kabisa. Wee, ungesikia lile zogo. "Madam unampendelea!" "Kitabu kinasema soixante-dix!" "Kwahiyo sisi tulivyokuwa tunatoka siku zote?"

Tukapiga kura. Septante ikashinda kwa kishindo, sasa darasa zima la tano linahesabu Kirundi-Rundi na kitabu kinasema kingine, na mkaguzi nasikia anakuja mwezi ujao. Sijui nitamwambiaje. Labda nimpe kamba.